Kishikwambi kinapogoma na mtoto anapokwama: utatuzi wa matatizo katika darasa la elimu maalumu

Malalamiko mengi ninayoletewa na walimu wenzangu kuhusu vishikwambi katika madarasa ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu huja kwa kauli mbili tu: "kishikwambi kimeharibika" au "mtoto huyu hawezi". Kwa miaka niliyofundisha katika kitengo cha elimu maalumu cha shule ya msingi, nimebaini kwamba kauli ya kwanza mara nyingi humaanisha kuna mpangilio uliowashwa pasipo mtu kujua, na ya pili humaanisha kuna mpangilio ambao hakuna aliyewahi kuuwasha. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na dalili, yaani kile mwalimu anachokiona kwa macho yake, halafu unashuka hadi kwenye chanzo, badala ya kuanza na jina la ulemavu wa mtoto.

Maelezo ya mipangilio yanahusu vishikwambi vya Android, kwa kuwa ndivyo vilivyoenea shuleni kwetu, vikiwemo vile vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Tanzania ya mwaka 2022 na baadaye kugawiwa walimu. Majina ya vipengele hutofautiana kidogo kutoka kifaa hadi kifaa, lakini karibu vyote hupatikana ndani ya Mipangilio, kwenye sehemu ya ufikivu (Accessibility).

Kabla ya kubadilisha chochote, kaa kando ya mtoto kwa dakika kumi bila kumsaidia, na uandike unachokiona: kidole kinagusa wapi, macho yake yako umbali gani na kioo, anasubiri nini, anaacha wakati gani. Kisha mpe mtoto huyo kishikwambi kingine, na kile cha kwanza mpe mwenzake. Tatizo likimfuata mtoto, tafuta namna somo na mipangilio vinavyomfaa. Likibaki na kifaa, shughulika na kifaa. Halafu badilisha jambo moja tu kwa siku. Mwalimu anayebadilisha mambo matano kwa mpigo hatajua ni lipi lililosaidia, na wiki ijayo tatizo likirudi ataanza upya.

Kishikwambi kinaongea chenyewe, kina fremu ya rangi kuzunguka kila kinachoguswa, na hakifungui kitu

Hii ndiyo dalili inayowapeleka walimu wengi kwa fundi simu bila sababu. Kilichotokea ni kwamba TalkBack, programu ya kuwasomea skrini watumiaji wasioona, imewashwa. Kwenye vifaa vingi huwashwa kwa kushikilia vitufe vyote viwili vya sauti kwa pamoja kwa sekunde tatu hivi, na mtoto anayekumbatia kishikwambi kifuani kwa mikono miwili anaweza kufanya hivyo bila kukusudia. TalkBack ikiwa imewashwa, mguso mmoja huchagua na kutaja jina la kitu, lakini haukifungui. Ili kufungua ni lazima uguse mara mbili haraka, na ili kupandisha au kushusha ukurasa utumie vidole viwili badala ya kimoja.

Suluhisho ni kushikilia tena vitufe vile viwili hadi usikie kuwa imezimwa. Isipozimika, nenda kwenye mipangilio kwa kugusa mara mbili kila hatua. Ikiwa darasani hakuna mwanafunzi anayeihitaji, zima pia hiyo njia ya mkato ya vitufe. Akiwepo anayeihitaji, iache, ila wafundishe watoto wote kuizima, kwa sababu watajikuta ndani yake mara kwa mara na hofu ya "nimeharibu" ni mbaya kuliko kosa lenyewe.

Sauti inasoma Kiswahili kama Kiingereza, au haisomi kabisa

Mtoto asiyeona ameweka kidole juu ya neno "chai" na kishikwambi kinatamka kitu kisichofanana na chai hata kidogo. Chanzo ni kwamba injini ya kusoma maandishi kwa sauti ingali kwenye lugha ya Kiingereza. Injini ya Google ina sauti ya Kiswahili, na ile ya bure iitwayo eSpeak NG nayo inayo, ingawa ya pili hutamka kwa namna ya mashine zaidi. Chagua Kiswahili kwenye mipangilio ya injini, kisha pakua data ya sauti mahali penye intaneti nzuri. Ikishapakuliwa, haitahitaji bando tena. Punguza pia kasi. Kasi inayomfaa mtu mzima aliyezoea humpita mtoto wa darasa la pili kabla hajashika silabi ya kwanza.

Tatizo zito zaidi ni pale ambapo sauti iko sawa, mipangilio iko sawa, na bado kitabu hakisomeki. Mwalimu amepakua kitabu, anakiona kwenye kioo, lakini TalkBack inanyamaza au inatamka namba ya ukurasa tu. Jaribio lake ni rahisi: shikilia kidole juu ya neno moja na uone kama unaweza kulichagua ili kulinakili. Ukishindwa, fahamu kwamba kilichomo si maandishi bali ni picha za kurasa zilizopigwa au kuskaniwa. Kwa jicho la mwenye kuona hakuna tofauti, ila kwa programu ya kusoma skrini ukurasa huo ni mweupe mtupu. Hakuna mpangilio utakaoliondoa hilo. Itabidi upate nakala yenye maandishi halisi, au upitishe kurasa kwenye programu inayotambua herufi ndani ya picha kisha usahihishe makosa yake, au uchape mwenyewe. Mimi huchapa. Hadithi ya kurasa nane za vitabu vya watoto haizidi maneno mia tatu, na ikishachapwa humfaa asiyeona, mwenye uoni hafifu na yule ambaye herufi humchanganya, wote kwa pamoja.

Mtoto anageuza uso, anafumba jicho moja, au anakigusisha kishikwambi puani

Katika shule zetu dalili hii huonekana sana kwa watoto wenye ualbino, na inafaa kuifafanua kwa kirefu kwa sababu msaada unaotolewa kwa nia njema mara nyingi huongeza shida. Mtoto mwenye ualbino kwa kawaida ana mambo matatu kwa wakati mmoja: uoni hafifu, macho yanayoumizwa na mwanga, na macho yanayochezacheza bila hiari yake. Miwani husaidia sehemu tu. Kwa hiyo anapokileta kishikwambi karibu na uso, anafanya jambo sahihi, kwa kuwa kukaribia ndiko kukuza. Usimkataze. Kukisogelea kioo hakumharibu macho.

Akigeuza uso, kwanza zima marekebisho ya mwangaza yanayojiendesha. Darasa likiwa na jua, kifaa hujiongezea mwangaza hadi mwisho, jambo linalomfaa kila mtu isipokuwa yeye. Ushushe mwangaza kwa mkono, kisha jaribu mandhari meusi, yaani maandishi meupe juu ya weusi. Baadhi ya watoto hupumua kabisa wakiona hivyo. Wengine huona herufi zinaelea, basi rudisha. Kisha angalia anapokaa. Akikabiliana na dirisha, mwanga humpiga machoni. Akilipa mgongo, dirisha lote huonekana ndani ya kioo chake kama kwenye maji. Dirisha liwe ubavuni mwake, na kishikwambi kisilazwe juu ya dawati bali kiegemezwe kwenye kitabu ili asikiinamie. Kofia aruhusiwe kuivaa hata darasani.

Baada ya hapo ndipo tuzungumzie ukuzaji, nami naona makosa mengi yapo hapa. Walimu wengi huwasha kikuzaji cha skrini, ambacho hupanua sehemu ndogo na kumlazimu mtoto kuisukuma picha kushoto na kulia kwa vidole viwili. Nilimtazama binti mmoja wa darasa la nne akisoma hivyo sentensi moja yenye maneno tisa. Alifika mwisho wa mstari, akaurudisha ukurasa kushoto, akaangukia mstari wa tatu badala ya wa pili, akasoma kwa sauti sentensi isiyo na maana, kisha akanitazama akisubiri niseme amekosea. Hakuwa amekosea kusoma. Alikuwa amepotea njia. Tulipomwekea maandishi yaleyale kwenye programu inayoongeza ukubwa wa herufi na kuyapanga upya ndani ya upana wa kioo, alisoma aya nzima bila kusogeza kitu chochote kushoto wala kulia. Kwa hiyo anza kwa kuongeza ukubwa wa fonti na ukubwa wa vitu kwenye skrini, tumia vitabu vya EPUB ambavyo maandishi yake hujipanga upya, na kikuzaji ukibakize kwa michoro, ramani na PDF ambazo hazijipangi.

Anagusa lakini jibu jingine ndilo linalochaguliwa

Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, au yeyote ambaye mkono wake hutetemeka, chanzo huwa ama kugusa mara nyingi mahali pamoja, ama kukawiza kidole kiasi kwamba kifaa hudhani anashikilia, ama kuegemeza kiganja kizima kwenye kioo. Tatizo la kukawiza kidole hutatuliwa kwa kuongeza muda wa kugusa na kushikilia, mpangilio uliomo kwenye vifaa vyote vya Android. Vifaa vya baadhi ya kampuni, vikiwemo vya Samsung, vina pia uwezo wa kupuuza miguso inayorudiwa harakaraka.

Kiganja hutatuliwa kwa vitu vya nyumbani. Kioo cha kishikwambi huitambua ngozi kwa umeme wake mdogo, na hakitambui kitambaa kinene wala boksi. Chukua soksi ya zamani, kata tundu la kidole cha shahada, mvishe mkononi: kiganja kitalala juu ya kioo bila kuonekana, na kidole pekee kitafanya kazi. Kwa programu yenye vitufe vinne visivyohama, kata kipande cha boksi chenye ukubwa wa kioo, toboa matundu manne juu ya vitufe hivyo, ukifunge kwa mpira. Mtoto ataweza kupumzisha mkono juu ya boksi na kuutelezesha hadi kwenye tundu. Kifaa kifungwe mezani kisihame. Nusu ya nguvu za mtoto hupotea katika kukifukuza.

Ikiwa kioo kinajibonyeza chenyewe hata pasipo mkono, usimchunguze mtoto. Chomoa chaja kwanza. Chaja duni huingiza kelele za umeme ambazo kioo huzitafsiri kuwa miguso. Ikiwa tatizo linaendelea bila chaja, futa jasho na mate, kisha kagua kilinda kioo kama kimepasuka.

Anakosea makusudi, au analia kishikwambi kikichukuliwa

Mvulana mmoja mwenye usonji alikuwa anajua namba hadi ishirini kwa vizibo vya soda, lakini kwenye kishikwambi alikosa kila swali kwa wiki mbili. Tulipoketi naye tukagundua kwamba jibu sahihi lilileta makofi ya kelele, na jibu baya lilileta sauti fupi ya kitu kinachodunda. Aliipenda ile ya kudunda, na makofi yalimfanya azibe masikio. Tulizima sauti za programu, na siku ileile alipata saba kati ya kumi. Kila mtoto anaporudia jambo moja bila kuchoka, jiulize anapata nini mara linapotokea: sauti, mwanga, mtikisiko au mwalimu kuja mbio.

Kilio cha kunyang'anywa hutokana na kutojua mwisho unakuja lini. Maneno "dakika tano" hayana umbo kwake. Mwonyeshe kipima muda anachokiona kikipungua, na picha mbili ubaoni, ya kwanza ikiwa kishikwambi na ya pili ikiwa kinachofuata, kwa mfano uji. Acha kipima muda ndicho kimalize, si mkono wako. Anayeruka kutoka programu moja hadi nyingine adhibitiwe kwa kubandika programu kwenye skrini, uwezo uliomo tangu Android 5.0, pamoja na namba ya siri. Kama kifaa ni cha mwalimu, fungua akaunti ya pili ya mtumiaji kwa ajili ya darasa, ili ujumbe wako wa binafsi usiingie katikati ya somo.

Mtoto asiyezungumza hatumii picha za mawasiliano

Programu ipo, picha zipo, mtoto hagusi. Angalia kwanza picha zenyewe. Seti nyingi zimetengenezwa nje, na zina mkate wa umbo asilolijua na choo asichowahi kukiona. Piga picha za vitu vyake: kikombe chake cha uji, ndoo ya darasa, mlango wa choo cha shule, uso wa mama yake. Pili, angalia kama kuna mtu mzima anayetumia picha hizo mbele yake. Mtoto husikia maneno kwa mwaka mzima na zaidi kabla hajatamka lake la kwanza, nasi tunamtaka aguse picha bila kuwahi kuona mtu akizungumza nazo. Wewe ukisema "twende nje", gusa picha ya "nje" unaposema, kila siku, bila kumdai arudie.

Chanzo cha tatu kinaniuma kukiandika. Kishikwambi hufungiwa kabatini kipindi kikiisha, au huchukuliwa kama adhabu. Kwa watoto wengine hicho ni kifaa cha kujifunzia. Kwa huyu ni ulimi. Asipokaa nacho wakati wa kula, wa kucheza na wa kuumwa, hana sababu ya kukiona kama njia ya kusema. Ikiwa haiwezekani atembee nacho, chapisha picha zilezile kwenye karatasi ngumu, kwa mpangilio uleule, avae shingoni.

Video zipo, lakini wanafunzi viziwi wanatazamana

Mara nyingi video ina alama za nchi nyingine. Lugha za alama haziko moja duniani. Lugha ya Alama ya Kenya na Lugha ya Alama ya Tanzania ni lugha mbili, na video nzuri kutoka Nairobi inaweza kumwacha mtoto wa Dodoma njiani. Maandishi chini ya picha hayatoshi kwa mtoto ambaye bado anajifunza kusoma. Tumia kamera ya kishikwambi kurekodi mwalimu wa alama au wanafunzi wakubwa: ukuta mtupu nyuma, nguo ya rangi moja tofauti na ngozi, mwanga ukitoka mbele, na mikono isitoke nje ya fremu. Programu za kugeuza usemi kuwa maandishi papo hapo zinakubali Kiswahili, lakini kwa kawaida huhitaji intaneti, na katika darasa lenye kelele huandika maneno ya watoto wa nyuma.

Anafaulu kwenye kishikwambi, daftarini hawezi

Zipo programu nzuri za Kiswahili. Kitkit School na onebillion, zilizogawana zawadi ya shindano la Global Learning XPRIZE mwaka 2019 baada ya majaribio vijijini mkoani Tanga, zinafundisha kusoma na kuhesabu, na kampuni ya Enuma iliyotengeneza Kitkit School ilianzia kwenye programu ya hesabu iliyowalenga watoto wenye changamoto za kujifunza. Hata hivyo programu yoyote yenye majibu matatu humruhusu mtoto kufaulu kwa kuondoa mabaya, au kwa kukumbuka kwamba jibu hukaa upande wa kulia. Kila Ijumaa mpe kazi ileile kwa vitu: visoda sita mezani, "nipe vinne". Akiweza kwenye kioo tu, rudi hatua moja nyuma, na kila zoezi la kioo litanguliwe na vitu vya kushika. Usimpandishe ngazi kwa sababu programu imempa nyota.

Hakiwaki baada ya likizo, au mipangilio yote imepotea

Betri iliyoachwa sifuri kwa mwezi mzima huweza kushindwa kuonyesha hata alama ya chaji. Iache kwenye chaja nzuri kwa saa kadhaa kabla ya kukata tamaa. Wakati wa kufunga shule, hifadhi vishikwambi vikiwa na chaji ya nusu hivi, vikiwa vimezimwa, mahali penye ubaridi; kabati la bati linalopigwa na jua huziua betri. Kishikwambi ambacho mgongo wake umevimba kisichajiwe tena wala kubonyezwa ili kirudi, bali kitolewe darasani siku hiyohiyo.

Ama mipangilio, hupotea kifaa kinaposafishwa na fundi au kinapopewa mtu mwingine, na hapo mtoto aliyekuwa anasoma huanza upya kuitwa asiyeweza. Sisi tumebandika karatasi ndani ya mlango wa kabati, mstari mmoja kwa kila mtoto, kwa namba bila majina. Wa tatu unasema: fonti kubwa kabisa, mandhari meusi, mwangaza robo, kioo kiegemezwe, dirisha kushoto. Wa tano unasema: sauti za programu zizimwe, kipima muda dakika kumi na mbili, kisha uji. Mwalimu wa zamu huisoma asubuhi kabla ya kugawa vishikwambi, na anayebadilisha jambo huandika tarehe pembeni.